Mchicha Katika Chumba Nilichozaliwa

Jumanne, mwisho wa Januari. Kisiwani Koyama, kusini ya Kismayu.

Jua limetoka kali tangu asubuhi na upepo unapiga bila kupumzika. Mchanga unaingia hata ndani ya kikombe cha chai. Mvua ya mwisho tuliiona wiki saba zilizopita, nayo ilikuwa ya kudanganya, ililowesha makuti ya paa ikaondoka.

Moyo wangu leo haujatulia. Naandika ili nijue una nini.

Bustani yangu imekufa. Naanza na hilo kwa sababu majuma yaliyopita nilijisifu sana katika ukurasa huu, nikaweka na picha, na baadhi yenu mlioko mbali mkaniandikia kwamba mlilia mlipoona majani mabichi ndani ya kuta za kwetu. Basi mjue. Matuta yangu matatu yameungua. Kilichobaki hai ni mstari mmoja mfupi wa mchicha karibu na mlango, na huo si wangu. Ni wa mjukuu wangu Zuwena, ambaye ana miaka miwili na miezi minne.

Niruhusuni nieleze tangu mwanzo. Nilikuwa mwalimu wa jiografia, na mwalimu hata akistaafu hawezi kufika anakokwenda bila kwanza kurudi nyuma.

Nyumba ya baba yangu ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Tulipokimbia vita mwaka wa tisini na moja tuliiacha na paa lake. Niliporudi, miaka minne iliyopita, nilikuta kuta tu. Boriti zilikwisha kuwa kuni za watu, na siwalaumu, maana waliobaki walihitaji kupika. Nikajenga kibanda cha makuti upande wa pili wa ua, na humo ndimo tunamolala. Lakini chumba cha ndani, kile ambamo mama yangu alinizaa, kilibaki kuta nne na mbingu juu yake.

Nilikitazama mwaka mzima kabla ya kuona kinafaa nini. Kuta zinazuia upepo wenye chumvi. Mlango ni mmoja, unazibika kwa mbao mbili, kwa hiyo mbuzi hawaingii. Jua linafika sakafuni saa nne na kuondoka saa tisa, halipati muda wa kuchoma. Hakuna mahali bora pa kuotesha mboga kisiwa kizima. Nilibeba udongo mwekundu kutoka kwenye mashimo ya mawe katikati ya kisiwa, debe baada ya debe, nikauchanganya na samadi ya mbuzi, majivu, na vichwa vya samaki nilivyovifukia mpaka vikaoza. Majirani walipita wakishika pua.

Zamani hatukuhitaji haya yote. Wazee wetu walilala kisiwani na kulima bara. Shamba letu liko ng'ambo ile, na asubuhi kusipokuwa na ukungu naliona, au naona miti ambayo nimejiambia ndiyo yetu. Tulipanda mtama, kunde na ufuta. Nikiwa mtoto nilipandishwa mtumbwini nikiwa bado nasinzia, nikaamka tayari niko shambani, nikafikiri kwamba usiku ndio unaotuhamisha. Lakini bara ya upande huu bado iko mikononi mwa wenye bunduki, si mahali pa kwenda na jembe. Wanaojua sababu hawahitaji nieleze. Basi mtu hulima anapoweza, na mimi nalima chumbani.

Zuwena hunyoosha kidole ng'ambo kila siku. "Kule," anasema. "Twende kule."

Namwambia bado. Ameshika neno hilo, sasa analitumia kwa kila kitu. Ukimwambia akaoge: bado. Ukimwambia alale: bado.

Yeye na mama yake walikuja hapa mwezi wa Mei. Mama yake ni Mwanaisha, binti yangu wa pekee. Mume wa Mwanaisha, Shee, ni fundi wa injini za mashua. Alikuwa amepata kazi Kismayu lakini hakuwa na pa kulaza familia, mwenyewe alilala ndani ya karakana. Akanipigia simu. "Mwalimu, waje wakae kwako mpaka nipate nyumba?" Nikamjibu waje, kwa sauti ya mtu anayefanya hisani. Sikumwambia kwamba tangu mke wangu atangulie mbele ya haki, sauti pekee iliyokuwa ikisikika nyumbani mwangu ilikuwa ya redio.

Mwezi wa Novemba Shee alipiga tena. Amepata vyumba viwili na ua mdogo. Anavipaka chokaa, vikiwa tayari atawaita.

Mwanaisha alifurahi mbele yangu, kisha akaona uso wangu, akapunguza furaha. Nami badala ya kusema jambo lililokuwa moyoni, nikasema jambo la mboga.

"Huko mjini mtoto atakula nini? Mboga zinatoka mashambani mbali, zinafika sokoni zimechoka. Hapa namwotesha mwenyewe."

"Baba, hapa kiangazi kikiingia hata mbuzi hawapati jani. Mwaka jana wewe ulikula nini?"

Mwaka jana nilikula wali na samaki, kesho yake samaki na wali.

"Nipe kiangazi hiki kimoja," nikamwambia. "Nikivuna mboga mpaka masika, mtabaki hapa, na Shee atakuja. Hata Koyama injini zinaharibika."

"Haya, Baba. Tuone."

Tangu siku ile sikuotesha tena mboga za kula. Niliotesha mboga za kumzuia mtu asiondoke.

Na niseme ukweli, nilikuwa na furaha. Miezi hii mtoto amenitoa nje kuliko nilivyotoka miaka minne. Huamka kabla ya kuku, akaja kunivuta kidole. Hataki kuvaa kandambili. Bahari ikipwa tunashuka ufukoni, naye huwatolea salamu kaa mmoja mmoja, na wakikimbilia mashimoni hunigeukia akanung'unika kwamba hawakuitikia. Chumbani kwenye bustani ana mkebe wake, wa maziwa ya unga, niliomtobolea pembeni nikautia kamba ya kushikia. Humwagilia kila anachokiona: ukuta, paka, mguu wangu. Jiwe moja kubwa la pembeni hulimwagilia kila siku na anasubiri kitatoka nini.

Ili aniachie matuta yangu nilimpa mstari wake mwenyewe, karibu na mlango. Siku tatu za kwanza alizifukua mbegu kutazama kama zimeamka. "Zimelala," ananinong'oneza, kisha anazifunika kwa mchanga na kuzipigapiga kwa kiganja, kama mama yake anavyompigapiga yeye mgongoni akimlaza.

Mchicha wake uliota umejikusanya mahali pamoja kama watu kwenye harusi. Wangu uliota kwa safu zilizonyooka. Nilipiga picha safu zangu.

Sasa nije kwenye maji, maana hapo ndipo nilipoharibu.

Kisima tunachokitumia kiko bondeni nyuma ya nyumba, katika mchanga. Si kirefu. Mwanamke akichutama na kata ya kifuu yenye mpini mrefu anayafikia maji. Anayekitumia zaidi ni Bi Mize, binti wa ami yangu, mkubwa wangu kwa miaka kadhaa. Yeye hakuwahi kuondoka Koyama, hata mwaka ule tulipokimbia sote. Anakwenda kisimani bahari ikiwa imepwa. Anachutama, anaigusisha kata juu ya uso wa maji, anachukua kidogo, anamimina ndooni, anapumzika, anachukua tena. Ndoo moja inamchukua muda wa kumaliza habari zote za kisiwa. Zuwena humfuata. Bi Mize humfunga leso kiunoni na ncha ya pili anaifunga kiunoni mwake mwenyewe, ili mtoto asitumbukie, na akimaliza humjazia mkebe wake.

Mimi niliona wanapoteza wakati. Nilikuwa na matuta matatu na ahadi ya kutimiza. Nikakata dumu, nikalitia jiwe ndani, nikalifunga kamba ndefu. Linazama mpaka chini kabisa, unavuta mara moja, limejaa. Nilichota asubuhi na alasiri, na sikutazama kama bahari imejaa au imepwa. Bi Mize aliniona mara moja akaguna. Nilifikiri anaguna kwa sababu ya umri.

Baada ya siku kumi kingo za majani zikaanza kuwa rangi ya kahawia. Bamia zikakunja majani yake kama viganja.

Nikafikiri ni kiu. Nikaongeza maji.

Jana asubuhi nilipoondoa mbao za mlango niliona matuta yote matatu yamelala chini. Na pale karibu na mlango, mchicha wa mtoto umesimama, kijani kibichi, unacheza na upepo. Bi Mize akaja na ndoo yake kichwani, Zuwena nyuma yake na mkebe, maji yakimmwagikia miguuni.

Bi Mize akachungulia. "Mwalimu! Mchicha huu umeutia chumvi kabla ya kuuchuma?"

"Usinicheke, Bi Mize. Maji ni yale yale. Kisima ni kimoja."

"Onja."

Nikachovya kidole katika dumu langu, nikaonja. Kisha nikamwomba Zuwena mkebe wake. Akanikatalia. Bi Mize akamwambia, "Mpe babu yako, mama, hajui maji yalivyo," naye akanipa, huku ameushikilia kwa mkono mmoja.

Ya kwangu yalikuwa bahari iliyochanganywa kidogo na mvua. Ya kwake yalikuwa matamu.

Bi Mize alicheka mpaka akatua ndoo chini. "Mchu mzima!" akasema, kwa Kibajuni chetu, ambacho 'mtu' hukiita 'mchu'. "Mchu mzima, ndevu nyeupe, sanduku zima la vitabu, na kitoto cha juzi kinamshinda kumwagilia!" Zuwena akaona kicheko kinanoga, naye akacheka, akanimwagia maji yaliyobaki kwenye mguu.

Sasa nieleze, kwa faida ya vijana wetu waliozaliwa kwenye mabomba. Kisiwa kama hiki hakina mto chini yake. Mvua hupenya mchanga na kukaa juu ya maji ya bahari yaliyomo chini, kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Tabaka hilo tamu ni jembamba, na kiangazi huzidi kuwa jembamba. Ukichota juu juu kwa upole, wakati bahari imepwa, unapata maji matamu. Ukitumbukiza chombo mpaka chini na kuvuta kwa nguvu, unaiita chumvi ipande, nayo ikishapanda haina haraka ya kurudi.

Haya yote nayajua. Nimeyafundisha. Mombasa niliyachora ubaoni kwa chaki za rangi mbili, mwaka baada ya mwaka, mbele ya watoto ambao maji yao yalitoka ukutani. Na kabla ya hapo nilimwona mama yangu kwa macho yangu akichota vile vile, kwa kata, akipumzika. Nilidhani anapenda tu kukaa kisimani na wenzake.

Kwa hiyo sikukosa elimu, nilikosa subira. Nilikuwa na jambo la kumthibitishia binti yangu na nilitaka lithibitike upesi.

Lakini kuna jambo la pili, na hili nimelizungukazunguka tangu nilipoanza kuandika.

Juzi, Jumapili, Shee alipiga simu. Hapa mtandao hushika vizuri juu ya kilima cha mchanga, basi tulipanda sote watatu. Akasema vyumba viko tayari. Mashua inayoleta mafuta itafika Koyama Alhamisi na kurudi Kismayu siku hiyo hiyo, na nahodha ni mtu wake. Kisha akasema, "Nipe Zuwena nimsikie."

Mwanaisha akafungua sauti, akampa mtoto simu. "Msalimie Baba."

Zuwena aliitazama simu. Alitazama huku na huku. Kisha akaiacha ianguke mchangani, akanikimbilia, akaukumbatia mguu wangu kwa mikono yote miwili. "Baba huyu hapa," akasema, kwa sauti ya mtu anayewasaidia wakubwa waliopotea.

Simu ilikuwa chini, sauti imefunguliwa. Shee alikuwa anasikia.

Halafu tukamsikia, "Mashallah. Sauti yake imekuwa kubwa." Akasema mtandao unakatika, akaaga.

Mtandao haukuwa unakatika.

Naungama. Zuwena ananiita Baba tangu mwezi wa Agosti. Amelichukua kwa mama yake, maana anamsikia Mwanaisha akiniita hivyo kutwa. Mwanaisha alimrekebisha mara kadhaa: huyu ni Babu, Baba yuko Kismayu. Mimi ninayerekebisha hata matangazo ya msikitini sikumrekebisha hata siku moja. Aliponiita nikaitika. Niliitika kwa haraka, na kila mara jambo fulani kifuani lilikaa mahali pake.

Na mimi, kuliko mtu yeyote, nilipaswa kujua.

Mwanaisha alizaliwa Mombasa, tukiwa ndio kwanza tumefika, hatuna kitu. Alipokuwa na miaka miwili nikapata kazi ya kufundisha katika kambi ya wakimbizi, bara kabisa, safari ya siku mbili. Mke wangu na mtoto nikawaacha kwa shemeji yangu. Kazi ilikuwa huko, hapakuwa na la kuchagua. Barua zilichelewa na simu hazikuwapo. Niliporudi kwa likizo ndefu ya kwanza alikuwa anakaribia miaka minne. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno nitakayomwambia.

Nikabisha hodi. Mtoto akafungua. Aliangalia begi langu, akaangalia viatu vyangu vyenye vumbi, akageuka ndani na kuita, "Baba, kuna mgeni!"

Aliyetoka alikuwa mjomba wake.

Yule bwana, Mungu amrehemu, alimrekebisha pale pale, uso umemwiva kwa haya. "Siye mimi, mama. Baba ni huyu. Huyu." Alimshika mabega akamgeuza anitazame. Nimemshukuru maisha yangu yote kwa vile alivyofanya haraka.

Miaka ile miwili sikuipata tena. Sijui Mwanaisha alisema neno gani kwanza baada ya kuota meno yake ya mwisho, sijui alianza lini kuogopa giza, sijui nani alimfundisha kufunga vifungo. Nikimtazama Zuwena akinong'oneza mbegu, mara nyingine simtazami Zuwena. Natazama nilichokosa. Nadhani ndiyo maana nilikuwa naitika.

Leo asubuhi nilikuwa naing'oa mimea iliyokufa. Mwanaisha akaingia, akajifunga leso vizuri, akachuchumaa akaanza kunisaidia bila kuulizwa. Zuwena alikuwa mlangoni akilimwagilia jiwe lake.

Nikaanza kueleza. Nikamwambia nimeshajua kosa liko wapi. Nitachota kwa kata, juu, bahari ikipwa. Nitautoa udongo wa juu niweke mwingine. Mchicha unataka wiki tatu au nne tu, bamia zinataka zaidi kidogo, na maboga yanataka kivuli, na nikipata wiki sita...

"Baba."

Nikaacha kung'oa.

"Tangu Novemba unaniambia mchicha unataka nini na bamia zinataka nini. Wewe unataka nini?"

Nilianza kumweleza habari ya udongo. Aliningoja nimalize, kama mtu anayengoja gari lipite ndipo avuke. Nilikuwa nimeshika shina la bamia lenye mizizi yake, nikawa naivunja mizizi moja moja.

"Nataka mbaki," nikamwambia. "Basi. Hata pasiwe na jani."

Akafuta mikono kwenye leso, lakini haikuwa mikono aliyotaka kufuta.

"Ungeniambia hivyo Novemba, Baba, ningebaki."

"Na sasa?"

"Na sasa ukiniambia nibaki, nitabaki. Nitampigia Shee mwenyewe. Sema tu."

Mnaonisoma, sikilizeni vizuri, maana mimi mwenyewe sikutegemea. Jambo nililolipigania tangu Novemba, nililobebea udongo kichwani na kuharibia kisima, lilikuwa limewekwa mbele yangu. Lilihitaji neno moja. Binti yangu hasemi asichokusudia, katika hilo amemfuata mama yake.

Mlangoni mtoto akapiga kelele, "Baba! Jiwe limekunywa!"

Mimi na Mwanaisha tuligeuka pamoja. Nikamwona moyoni mtu mmoja mjini Kismayu, mikono ina grisi, simu iko sikioni, anasikiliza mchanga.

"Alhamisi mwende," nikamwambia.

Hakuuliza kwa nini. Mara ya kwanza katika maisha yangu sikueleza, na nilieleweka.

Baada ya muda akasema, "Na wewe uje nasi. Ua upo. Mdogo, lakini una jua."

"Nitakuja masika yakipita. Sasa hivi nina kisima cha kukiomba radhi. Nitakuja nikae mwezi."

"Wiki mbili," akasema, na sasa alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Ukikaa mwezi utaanza kumfundisha Shee injini."

Tulimaliza kung'oa. Kisha nikachutama mbele ya Zuwena, nikamwambia, "Mimi ni Babu. Baba yuko Kismayu, na Alhamisi utamwona."

"Sitaki," akasema.

"Mimi ni nani?"

"Baba."

"Babu."

Alinikazia macho, akaona kwamba leo sitaitika. Akaondoka zake kwenda kumtafuta paka. Ilinichoma, siwezi kusema haikunichoma. Nilimrekebisha mara sita kabla ya adhuhuri. Mara ya saba alisema Babu kwa hasira, kama mtu anayekutupia kitu chako.

Baada ya sala ya alasiri nilipanda kilimani peke yangu nikampigia Shee. Nikamwambia Alhamisi wanakuja, wote wawili, na vitu vyao. Alishukuru sana, kwa maneno mengi, mpaka nikaona haya, maana hakujua nilivyokuwa nimejiandaa kumnyang'anya.

"Sikiliza," nikamwambia. "Njoo bandarini mwenyewe, usitume mtu. Na huenda asikujue. Atajificha nyuma ya mama yake, au atakuita mgeni. Ikiwa hivyo usimlaumu, wala usimnyakue kumbeba. Wala usisimame. Mimi nilisimama. Mtoto akiona mtu mrefu amesimama, na begi mkononi, anaona mgeni. Chutama chini, uso wako uwe sawa na wake, kisha nyamaza."

Nilisikia mashine zikinguruma nyuma yake, halafu mlango ukifungwa, na pakawa kimya.

"Nichutame kwa muda gani, Mwalimu?"

"Mpaka aje."

Jua bado halijazama ninapoandika haya. Mwanaisha anakunja nguo. Zuwena ameketi katika mlango wa chumba nilichozaliwa, anang'oa mchicha wake mwenyewe, jani moja moja, na kumlisha kuku wa Bi Mize. Mchicha pekee uliobaki hai. Nilitaka kumwambia auache ukue. Nimemwacha.

Kesho ni Jumatano, siku nzima ambayo haijaguswa. Nimeamua sitamweleza kitu: wala maji yanavyokaa chini ya mchanga, wala kaa wanavyochimba, wala kwa nini hatuwezi kwenda ng'ambo. Atakapoamka na kunivuta kidole nitamfuata, anakokwenda yeye, kwa mwendo wake.